Rabi Jacob Rothschild na dhambi ya kunyamaza

Kila mwaka somo la homiletiki linapofika kwenye mafundisho jamii ya Kanisa, swali huwa ni lile lile: "Padre, na kama waamini hawataki kusikia?" Anayeuliza hatanii. Anamfikiria paroko anayetaka kuhubiri juu ya wajane wanaonyang'anywa mashamba, huku shemeji aliyelichukua shamba ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa, naye ameketi benchi la mbele na bahasha ya zaka mfukoni. Katika kujibu nimezoea kusimulia habari za mtu ambaye hakuwa padre wala Mkristo. Aliitwa Jacob Rothschild, rabi wa Kiyahudi katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Kwa miaka 11 alihubiri dhidi ya ubaguzi wa rangi mbele ya watu ambao wengi wao wangependa azungumzie jambo jingine, hadi usiku mmoja nyumba yao ya ibada ikalipuliwa kwa baruti.

Kwanza tuelewane rabi ni nani, maana wengi wetu tunalijua neno hilo kutoka Injili tu. Rabi si kuhani. Ukuhani wa Kiyahudi ulifungamana na Hekalu la Yerusalemu, na Hekalu hilo lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Rabi ni mwalimu wa Torati. Hufafanua Maandiko, huhubiri, hufungisha ndoa, huzika wafu na kutembelea wagonjwa, kwa hiyo kazi zake za kila siku zinafanana sana na za paroko. Tofauti kubwa ni kwamba hateuliwi na askofu. Jumuiya yenyewe, kupitia halmashauri yake, humwajiri na kumlipa, na halmashauri hiyo hiyo inaweza kumwambia kwamba mkataba umekwisha. Paroko akiwaudhi wakubwa wa parokia, bado ana askofu nyuma yake. Rabi akiwaudhi wakubwa wa sinagogi yake, ana mke, watoto na barua mezani.

Rothschild alizaliwa mjini Pittsburgh tarehe 4 Agosti 1911. Alisoma Hebrew Union College, Cincinnati, chuo cha tawi la dini ya Kiyahudi liitwalo la Mageuzi, akawa rabi mwaka 1936. Alihudumu Davenport katika jimbo la Iowa, kisha Pittsburgh kwao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa mhudumu wa kiroho jeshini, na alipelekwa katika mapigano ya kisiwa cha Guadalcanal, bahari ya Pasifiki. Mwaka 1946 aliitwa Atlanta kuongoza jumuiya kongwe ya Wayahudi wa mji ule, iliyoanzishwa mwaka 1867. Jengo lao, lililofunguliwa mwaka 1931, liko kwenye barabara ya Peachtree na watu huliita Hekalu tu. Mwishoni mwa mwaka ule ule alimwoa Janice Oettinger, binti wa jimbo hilo la Georgia.

Jumuiya aliyoikuta ilikuwa ya watu wenye nafasi: wafanyabiashara, wanasheria, madaktari. Rabi aliyemtangulia, David Marx, alikuwa amekaa pale tangu mwaka 1895, na kwa miaka 50 aliwafundisha kuishi kimya na kwa adabu miongoni mwa Wakristo weupe, wasionekane wageni. Mtu asiyejua historia yao angeweza kuwaona waoga. Lakini wazee wa jumuiya hiyo walikuwa na kumbukumbu. Mwaka 1913 Myahudi mwenzao, Leo Frank, msimamizi wa kiwanda cha penseli mjini Atlanta, alihukumiwa kwa mauaji ya msichana aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda. Gavana alipompunguzia adhabu kutoka kifo hadi kifungo cha maisha, kundi la watu lilimtoa gerezani na kumnyonga mtini, mwezi Agosti 1915. Leo hii wanahistoria wengi wanaamini hakuwa na hatia. Aliyekuwa kijana mwaka 1915 alikuwa bado na umri wa kufanya kazi Rothschild alipowasili. Alikuwa amejifunza kwamba Mweupe wa Kusini anaweza kumhesabu Myahudi kuwa mwenzake leo, na kesho asimhesabu.

Na Kusini ya siku zile ilikuwa imegawanywa kwa sheria. Watu weusi walikuwa na shule zao, viti vyao nyuma ya basi, bomba lao la maji ya kunywa. Kupiga kura ilikuwa shida tupu. Wayahudi wa Hekalu hawakuitunga sheria hiyo, lakini waliishi ndani yake na baadhi yao waliendesha maduka kwa kuifuata. Rothschild, mtoto wa Kaskazini, aliona jambo ambalo wenyeji walikwisha kulizoea.

Katika ibada za mwaka mpya wa Kiyahudi za mwaka 1947, mwaka mmoja tu baada ya kufika, alianza kuligusa suala hilo. Mwaka 1948 alilitolea mahubiri mazima, tena katika siku iliyo takatifu kuliko zote, Siku ya Upatanisho. Hapa naomba mseminari atulie kidogo, kwa sababu uchaguzi wa siku ulikuwa nusu ya mahubiri yenyewe.

Siku ya Upatanisho Wayahudi hufunga kula na kunywa tangu jua kuzama hadi jua kuzama tena. Hata yule ambaye haonekani sinagogini mwaka mzima siku hiyo huja, kama wakatoliki wa Pasaka na Krismasi tunaowajua. Sala kuu za siku hiyo ni maungamo, na maungamo hayo husemwa kwa wingi. Hakuna anayesema "nimetenda dhambi" peke yake. Jumuiya nzima husimama na kukiri kwamba sisi tumekosa, hata dhambi ambazo fulani au fulani hakuzitenda mwenyewe, kwa sababu mbele ya Mungu wanasimama kama watu wamoja. Asubuhi husomwa sura ya 58 ya Isaya, ambamo nabii anawakemea wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao, na kuwaambia kwamba mfungo anaoupenda Mungu ni kuwafungua walioonewa na kuwagawia wenye njaa. Sisi tunasoma sehemu ya sura hiyo hiyo Ijumaa baada ya Jumatano ya Majivu.

Basi rabi alipanda mimbari mbele ya watu wenye njaa, ambao wametoka kukiri kwa kinywa chao wenyewe na kumsikia Isaya. Mahubiri aliyaita "Dhambi Iliyo Kubwa Zaidi". Hoja yake ilikuwa rahisi kuielewa na ngumu kuikwepa. Hakuwatuhumu kwa ukatili. Alikubali kwamba hawakuwa watu wa kuwapiga weusi au kuwatukana, na kwamba wengi waliwatendea vizuri wale waliowaajiri majumbani. Ila alisema kosa lao lilikuwa zito zaidi, nalo ni mema ambayo hawakuyatenda. Waliona uovu unafanyika, wakanyamaza, wakaita kunyamaza huko busara. Wayahudi, alisema, hawana ruhusa ya kunyamaza, kwa kuwa dini yao yenyewe imejengwa juu ya manabii ambao hawakunyamaza.

Mkatoliki akisoma mahubiri hayo huikumbuka mara moja sala ya Nakiri, ambamo baada ya mawazo, maneno na matendo tunaungama pia yale ya wajibu tuliyoacha kuyatimiza. Nina shaka kama tunapofika kwenye maneno hayo kuna hata mmoja wetu anayefikiria jambo mahususi. Rothschild aliwapa watu wake jambo mahususi.

Mahubiri hayo yaliwekwa kwa hekima nyingine ambayo vijana wenye moto huiruka. Alihubiri akisema "sisi". Yeye, mgeni kutoka Kaskazini asiyefikisha hata miaka mitatu mjini, angeweza kusema "ninyi watu wa Kusini", na mlango ungefungwa siku hiyo hiyo. Wala hakuligeuza kuwa wimbo wa kila juma. Aliendelea na ubatizo wake wa moto taratibu, kama mtu anayepanda mlima na wazee: katika siku kuu za kila mwaka, watu wanapokuwa wengi, alirudi kwenye suala la rangi na kusogeza hatua moja mbele. Siku nyingine alifundisha, alizika, alifungisha ndoa, alikaa na wagonjwa. Walipomkasirikia kwa mahubiri, walikuwa wanamkasirikia mtu aliyewahi kukaa hospitalini na mama yao.

Katikati ya mahubiri na mahubiri kulikuwa na meza. Aliwaalika viongozi weusi wazungumze kwenye mikutano ya Hekalu na kula pamoja na waumini wake, akiwemo Benjamin Mays, mkuu wa chuo cha Morehouse. Leo hili laweza kuonekana dogo. Katika Georgia ya wakati ule, mtu mweupe kuketi na mtu mweusi kwenye meza moja ya chakula lilikuwa jambo zito kuliko kukubaliana naye kwa hoja. Alianzisha pia mafunzo ya kila mwaka kwa wachungaji wa Kikristo, waje Hekaluni kujifunza Uyahudi kutoka kwa Wayahudi wenyewe. Hivyo alijipatia marafiki miongoni mwa makasisi wa mji kabla hajawahitaji.

Aliwahitaji upesi. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi kunavunja katiba. Wanasiasa wa Georgia wakaapa kuzifunga shule zote za serikali kuliko kuchanganya watoto. Mwezi Novemba 1957 wachungaji 80 wa Atlanta walitoa tamko la pamoja, wakitaka sheria itiiwe, shule zisifungwe na watu wa rangi zote mbili wazungumze. Rothschild alishiriki kuliandika, lakini sahihi yake haimo. Tamko liliandikwa kwa lugha ya imani ya Kikristo, na yeye hakuona sawa kutia sahihi imani isiyo yake wala kuwataka wenzake waipunguze. Aliandika makala gazetini kuliunga mkono. Nawapendekezea wanaojiandaa kwa majadiliano ya kidini walitafakari jambo hili. Mara nyingi tunadhani kushirikiana na watu wa dini nyingine kunataka kila mmoja apunguze cha kwake. Mwaka uliofuata lilitoka tamko la pili, la viongozi wa dini 312, na safari hii marabi walikuwemo.

Kati ya hayo matamko mawili ndipo baruti ilipolipuka.

Miezi ile ya 1957 na 1958 sinagogi na vituo vya Wayahudi vilikuwa vikilipuliwa au kutegewa baruti katika miji mbalimbali ya Kusini: Charlotte, Miami, Nashville, Jacksonville, Birmingham. Jumapili tarehe 12 Oktoba 1958, saa tisa na nusu usiku na dakika chache, inakadiriwa vijiti 50 vya baruti viliubomoa ubavu wa Hekalu la Atlanta. Mlango wa pembeni, ofisi na madarasa viliharibiwa vibaya. Hakuna aliyeumia. Saa chache baadaye watoto wangejaa madarasani kwa masomo ya dini ya Jumapili. Mtu aliyejiita jemadari wa kundi la siri alipiga simu kwa shirika la habari akajigamba, akasema hilo ndilo jengo la mwisho watakalolilipua likiwa tupu.

Yaliyofuata hayakuwa yale waliyoyapanga. Meya William Hartsfield alifika kwenye kifusi asubuhi hiyo na kusema hadharani kwamba wanasiasa wachochezi ndio baba wa ubatizo wa walipuaji. Rais Eisenhower alilaani kitendo hicho na polisi wa upelelezi wa taifa, FBI, wakaletwa. Ralph McGill, mhariri wa gazeti la Atlanta Constitution, aliandika makala ambayo mwaka 1959 ilichangia kumpatia tuzo ya Pulitzer. Alisema kwamba viongozi wanapofundisha watu kudharau sheria, wasishangae mbwa mwitu wakitoka mwituni. Na kwamba makasisi waliokaa kimya wana sehemu yao. Makanisa ya Kikristo yalitoa majengo yao kwa ajili ya ibada na shule ya Wayahudi. Barua na michango zilimiminika.

Ijumaa jioni ya wiki ile ile, ibada ya Sabato ilifanyika humo humo Hekaluni. Ukumbi ulifurika hadi watu wakasimama. Inasimuliwa kwamba Rothschild aliutazama umati ule, pamoja na nyuso ambazo hakuwa amezizoea siku za Ijumaa, akasema kumbe hiki ndicho kinachohitajika ili mje kusali. Watu wakacheka. Sijui padre ambaye hajawahi kutamani kusema hivyo.

Jina la mahubiri lilikuwa limetangazwa kwenye ubao wa nje: "Wala Hakuna Atakayewaogofya". Ni maneno ya Mika sura ya 4, mstari ule unaofuata ahadi ya mapanga kufuliwa kuwa majembe, ambapo nabii anamwona kila mtu ameketi kwa amani chini ya mzabibu wake na mtini wake. Rothschild hakuzungumzia msiba wa Wayahudi peke yao. Alisema walipuaji walikusudia kupanda hofu, na walichovuna ni kinyume chake: ujasiri umewaka zaidi na dhamiri ya mji imeamka. Aliwakumbusha watu wema wa Atlanta kwamba kitendo kile kilikuwa na udongo wa kuoteshea, na udongo huo ni ukimya wao. Kisha akawaita wote, Wayahudi na Wakristo, wajenge juu ya kifusi kile mji na nchi ambamo watu wote ni ndugu na hakuna wa kuwatia hofu.

Nimesema mara nyingi darasani kwamba mahubiri ya namna hiyo hayaandikwi kwa juma moja. Kama rabi angekuwa amenyamaza miaka 11, kisha baada ya mlipuko akasimama kuwakemea wengine kwa kunyamaza, nani angemsikiliza? Na kama watu wake hawakuwa wamezoezwa, mwaka baada ya mwaka, kulisikia neno hilo likielekezwa kwao wenyewe, Ijumaa ile wangeweza kumgeukia na kusema ndiye aliyewaletea baruti. Katika miji mingine ya Kusini kulikuwa na Wayahudi waliosema hivyo hivyo juu ya marabi wao. Atlanta walimjazia ukumbi.

Nisiifanye hadithi kuwa tamu kupita ukweli. Watu watano walishtakiwa. Mmoja tu ndiye aliyefikishwa mbele ya baraza la mahakama. Kesi ya kwanza baraza halikukubaliana, ya pili likamwachilia. Hakuna aliyewahi kufungwa kwa kulipua Hekalu. Shule za Atlanta zilianza kuchanganya watoto Agosti 1961, na mwanzo huo ulikuwa wanafunzi weusi 9 tu. Oktoba 1960 Martin Luther King alikamatwa pamoja na wanafunzi kwa kutaka huduma katika mgahawa wa duka kubwa la Rich's, duka lililoanzishwa na familia ya Kiyahudi ya mji huo huo. Mahubiri hayageuzi mji kwa jioni moja.

King alikuwa amehamia Atlanta mwaka huo kusaidiana na baba yake katika kanisa la Ebenezer, na familia hizo mbili zikawa marafiki. Janice alipenda kusimulia jinsi King na mkewe Coretta walivyochelewa chakula cha jioni nyumbani kwa rabi. Giza lilikuwa limeingia, namba za nyumba hazionekani, ikabidi waulize kwa jirani. King aliingia akiomba radhi, akamtoa rabi wasiwasi: alimtuma Coretta aende mlangoni, ili majirani weupe wadhani kwamba wamekuja kuhudumia wageni. Alisema hayo kwa kutania, lakini Janice hakuisahau aibu ya dakika ile. Mtu ambaye dunia ilikuwa imeanza kumheshimu alikuwa bado anapima jinsi ya kubisha hodi bila kumharibia mwenyeji wake jina.

Aprili 1963 King alikuwa gerezani Birmingham, na kutoka humo aliandika barua yake mashuhuri. Iliwajibu viongozi wanane wa dini wa jimbo la Alabama waliomtaka asubiri. Miongoni mwa wanane hao walikuwemo rabi mmoja na askofu msaidizi mmoja Mkatoliki, Joseph Durick. Hawakuwa watu wabaya; Durick mwenyewe baadaye, akiwa askofu Tennessee, alibadilika akawa mtetezi wa haki za weusi. Nawataja kwa sababu walikuwa na elimu ile ile aliyokuwa nayo Rothschild, na manabii wale wale, ila walikuwa wameiita subira kile ambacho yeye mwaka 1948 alikiita dhambi. Novemba mwaka huo huo wa 1963, jumuiya za Wayahudi wa Mageuzi zilipokutana Chicago, Rothschild ndiye aliyemtambulisha King kwa mkutano.

Katika sehemu hii ya hadithi anaingia mtu wa nyumbani mwetu. Mwaka 1962 Atlanta ilifanywa jimbo kuu, na askofu mkuu wake wa kwanza alikuwa Paul Hallinan. Naye alizaliwa mwaka 1911 kama Rothschild, naye alikuwa mhudumu wa kiroho jeshini katika Pasifiki. Miezi michache baada ya kusimikwa alitangaza kwamba shule zote za Kikatoliki za jimbo zitapokea watoto wa rangi zote. Wanaosoma historia ya liturujia wanamjua kwa sababu nyingine: katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano alikuwa katika tume ya liturujia, mtetezi mkubwa wa kuadhimisha Misa kwa lugha ya watu.

King alipopewa tuzo ya Nobeli ya Amani Desemba 1964, mji wake haukuwa na mpango wa kumpongeza. Watu wanne waliona aibu hiyo wakaamua kuandaa karamu ya heshima: Rothschild, Askofu Mkuu Hallinan, Benjamin Mays na mhariri McGill. Rabi, askofu, mwalimu na mwandishi wa habari. Tiketi hazikununuliwa. Wafanyabiashara wakubwa weupe walikwepa, na wengine walifanya kazi chini kwa chini karamu isifanyike, mpaka habari ikafika kwenye gazeti la New York Times. Andrew Young, aliyekuwa karibu na King, anasimulia kwamba kilichogeuza mambo ni wakubwa wa kampuni ya Coca-Cola, ambayo makao yake yako Atlanta: waliwaonya wenzao kwamba kampuni inayouza duniani kote haiwezi kukaa katika mji unaomdharau mshindi wa Nobeli. Basi si toba peke yake iliyojaza ukumbi; hesabu za biashara nazo zilichangia. Lakini wale wanne walikuwa wamekwisha kuiweka meza.

Tarehe 27 Januari 1965, katika hoteli ya Dinkler Plaza, watu wapatao 1,500, weusi na weupe, waliketi kula pamoja. Rothschild ndiye aliyeongoza shughuli na kumkabidhi King zawadi ya mji, bakuli la kioo. Ilikuwa miezi 9 kabla ya Papa Paulo VI kutangaza Nostra Aetate, tarehe 28 Oktoba 1965, tamko ambalo sisi hulifundisha kama msingi wa uhusiano wetu na Wayahudi. Watakaolisoma tamko hilo muhula huu watakuta namba ya 4 inawahimiza Wakristo na Wayahudi wafahamiane na kuheshimiana kwa masomo ya Maandiko na mazungumzo ya kindugu. Atlanta walifahamiana kwanza kwa kuuza tiketi zisizonunulika.

Hallinan, ambaye afya yake ilikuwa dhaifu kwa miaka kadhaa, alifariki tarehe 27 Machi 1968. Siku nane baadaye, tarehe 4 Aprili, King aliuawa kwa risasi mjini Memphis. Makasisi wa Atlanta walipokusanyika kwa ibada ya pamoja ya kumwombea, katika kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Filipo, walimwomba Rothschild atoe hotuba ya maombolezo. Rabi wa Kiyahudi alipanda mimbari ya kanisa kuu la Kikristo kumlilia mchungaji wa Kibaptisti, na mjini hakuna aliyeuliza kwa nini yeye.

Aliendelea kuwa rabi wa Hekalu lile hadi kifo chake, tarehe 31 Desemba 1973, akiwa na miaka 62. Halmashauri haikumwandikia barua ile. Mahubiri yake mengi yamo katika kitabu ambacho Janice alikitoa mwaka 1985 kuhusu maisha yake, na mseminari anayesoma Kiingereza aanze na yale ya 1948, ayasome kabla ya yale ya 1958.